Mwenzako akiugua njiani kuelekea Everest

SWALI: Habari za kazi. Mwezi wa kumi mimi na rafiki yangu tunakwenda Nepal, mabegi mgongoni, tutembee kutoka Lukla hadi kambi ya chini ya Everest na kurudi. Tumepanga siku 12, na siku ya 13 tuna ndege ya kurudi nyumbani kutoka Kathmandu. Sote tumeshapanda Meru. Mmoja akiugua, mwingine amsubiri siku ngapi? Au aendelee, wakutane wakati wa kushuka?
Msomaji, Arusha

JIBU: Tuanze na ratiba, maana humo ndimo tatizo lilimo. Siku 12 zinatosha iwapo hakuna atakayeumwa hata siku moja. Ongezeni siku mbili za kuuguzana njiani na mbili za Lukla, kwani mawingu hufunga kiwanja cha ndege cha pale, wakati mwingine kutwa nzima. Bila akiba hiyo mgonjwa atanyamaza: kichwa kinamgonga, lakini anakunywa chai na kusema yuko poa, asije akamharibia mwenzake safari. Kubalianeni mkiwa bado nyumbani kwamba kila jioni kila mmoja anasema kichwa kikoje na amekula kiasi gani, na anayeumwa kesho hapandi.

Meru isiwadanganye. Kule mlilala Saddle Hut, kama mita 3,570, mkagusa kilele na kushuka. Huku mtalala vijiji vya njiani: Dingboche, mita 4,410, kisha Gorak Shep, zaidi ya 5,100. Kinachouchosha mwili zaidi ni kimo unacholala.

Mwenzako akiumwa kichwa akiwa juu ya mita 2,500, tena ana kichefuchefu, kizunguzungu au amelegea, uhesabuni ugonjwa wa mwinuko, yaani mwili haujazoea hewa nyepesi ya juu, hata akiilaumu supu ya jana. Abaki hapo hapo, apumzike, anywe maji, ameze paracetamol. Wengi hupata nafuu katika siku moja au mbili, na safari huendelea dalili zote zikishaisha. Saa 24 zikipita bila nafuu, au hali ikizidi, shukeni. Mita 300 hadi 1,000 kwa kawaida zinatosha. Kutoka Dingboche kushuka hadi mji mdogo wa Namche Bazaar ni 970. Pheriche, jirani na Dingboche, kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association ambayo hufunguliwa msimu wa wageni.

Mpimeni hivi: atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya ule, kama hatua kumi. Akiyumba, au akianza kuongea yasiyoeleweka, ubongo unavimba. Akihema hali amekaa tu, huku anakohoa, mapafu yanajaa maji. Hapo hamsubiri kuche. Ashushwe saa hiyo hiyo, akishikiliwa, au helikopta iitwe mara hali ya hewa inaporuhusu. Dawa za Diamox na dexamethasone husaidia, na daktari awaelekeze matumizi yake kabla hamjaondoka, lakini hazichukui nafasi ya kushuka.

Sasa suala la kuachana. Mgonjwa wa mwinuko asiachwe peke yake, hasa usiku, hata akisisitiza uende. Wala asishuke bila mtu. Akiwa anaharisha tu, bila damu wala homa, ni jambo jingine: pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji yaliyochemshwa, anywe kidogo kidogo, na anaweza kubaki loji na mwongozaji nawe ukaendelea na mwongozaji wa pili. Ndiyo maana kila mmoja abebe pasipoti yake, dawa zake na rupia zake taslimu. Ukipita Namche usitegemee mashine ya kutolea pesa.

Bima ndipo wengi wanapoumia. Isomeni kama inafika mita 6,000 na kama inalipia helikopta. Namba ya dharura ya kampuni ya bima iandikeni kwenye karatasi, kwani simu huzima kwa baridi, na muwapigie kabla ya kuiita helikopta. Ukiita kwanza, wanaweza kukataa kulipa.

Viza nayo: ya siku 15 ni dola 30, ya siku 30 ni dola 50. Chukueni ya siku 30. Kuongeza muda hufanyika Kathmandu au Pokhara, si milimani, na mgonjwa aliyelala Namche hawezi kwenda kupanga foleni huko.