Wadogo zangu wa TLD, saa ya dawa isikae kazini

Wanaoanza TLD, kidonge kimoja cha VVU chenye dawa tatu (tenofovir, lamivudine na dolutegravir), mwaka uleule wanaoanza kazi wanarudia makosa yaleyale ya waliowatangulia, na inauma kuyaona kwa sababu karibu yote yanazuilika. CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, mnaijua, kadi mnayo, kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu mmeshaelezwa. Twende moja kwa moja.

1. Usipange saa ya dawa ndani ya saa za kazi. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Siku ya kuanza unaulizwa utakuwa unameza saa ngapi, nawe unajibu saa 3 asubuhi kwa kuwa ndiyo saa uliyopo pale kliniki. Jumatatu saa 3 simu inalia, uko kaunta, foleni imefika mlangoni. Unaizima. Saa 4 unakumbuka, lakini chupa iko kwenye begi, chumba cha wafanyakazi, na ile sauti ya vidonge vikigongana unaona kila mtu atageuka. Utameza nyumbani. Ukifika, sebuleni kuna mgeni. Jumanne unameza, Jumatano unaruka, Alhamisi bosi habanduki karibu yako. Mwili haukushtaki: huumwi, hukohoi, ngazi unazipanda vizuri. Kumbe dawa imepungua kwenye damu, virusi vinazaliana huku vikionja dawa kidogokidogo, na hivyo ndivyo usugu unavyojengeka. Lamivudine, mojawapo ya dawa tatu zilizomo kwenye kidonge chako, hushindwa kwa badiliko moja tu la kirusi.

Kisha majibu ya wingi yanarudi zaidi ya nakala 1,000 za virusi kwa mililita ya damu. Uliyekuwa unaweza kupewa dawa za miezi 6 na kuomba ruhusa mara 2 kwa mwaka, sasa unaitwa kila mwezi kwa ushauri wa ufuasi, yaani wa kumeza dawa bila kuruka, vikao visivyopungua 3, halafu kipimo cha marudio. Umejificha ili kazini wasishtuke, na matokeo yake unaomba ruhusa mwezi hadi mwezi mpaka msimamizi anaanza kuuliza. Jamani, wadogo zangu, hapana.

Meza nyumbani, papo hapo unapopiga mswaki. TLD humezwa kabla au baada ya kula, vyovyote, na kumeza asubuhi huwasaidia wale ambao inawanyima usingizi. Kama una zamu za usiku, baki na saa yako ileile ya asubuhi: beba kidonge kimoja tu kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko kinachobana, umeze na maji kabla ya kukabidhi zamu. Vingine vibaki kwenye chupa yake pamoja na kile kifuko cha kunyonya unyevu. Madereva, dashibodi ya lori si kabati. Dawa hizi hazitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 30.

2. Ukisahau, meza mara unapokumbuka. Zikiwa zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata, subiri hiyo. Usimeze viwili kwa mpigo.

3. Vidonge vya kiungulia. Chakula cha kantini kikikuchoma, unatafuna kimoja bila kufikiri. Vingi vina magnesiamu au aluminiamu, na madini hayo huishika dolutegravir tumboni isifyonzwe. TLD itangulie kwa saa 2, au ije saa 6 baadaye. Vidonge vya kuongeza damu au kalsiamu unaweza kuvimeza pamoja na TLD, lakini ukiwa unakula. Ukianzishwa dawa za TB zenye rifampicin, utaongezewa dolutegravir ya miligramu 50, saa 12 baada ya TLD. Hicho kidonge cha pili ndicho kinachosahaulika.

4. Ruhusa. Huwiwi na mwajiri maelezo ya hali yako. Hapa Tanzania, Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inakataza kulazimishana kupima, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetaja VVU waziwazi kati ya mambo ambayo mfanyakazi hapaswi kubaguliwa kwayo. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Cheti cha daktari kinatakiwa. Mwombe aandike siku za mapumziko bila kutaja ugonjwa.

5. Ukihamishwa kituo cha kazi, pitia CTC kabla hujafunga mizigo. Chukua barua ya uhamisho, hakikisha imeandikwa dawa unazotumia na majibu ya mwisho ya wingi, na uombe dawa za kukuvusha mpaka upokelewe huko uendako.