Neno likirudi mara ya pili, hapo ndipo nasimama

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mtu anayesoma kitabu cha lugha ya kigeni kwenye kisomaji cha kielektroniki akikutana na neno asilolijua, asimame alitafute au aendelee? Mimi nasema aendelee, na neno hilohilo likirudi, asimame. Nasoma riwaya za Kifaransa kwa utaratibu huo, na umenifikisha mwisho wa vitabu ambavyo kwenye karatasi ningeviacha njiani.

Ninaongoza watalii hapa Arusha. Kifaransa nilijifunza kwa ajili ya kazi, kwa hiyo ninachokimudu ni cha mdomoni: wanyama, barabara, chakula, kesho tunaondoka saa ngapi. Masika wageni wakipungua, ndipo nasoma. Riwaya ya Kifaransa humpokea mtu kama mimi kwa lugha ambayo hakuna mgeni aliyewahi kunisemesha nayo. Masimulizi mengi yameandikwa kwa wakati uliopita uitwao passé simple, ambao siku hizi karibu hauongelewi kabisa. Ukurasa unajaa fut, vint, crut, sut. Katika kamusi ya karatasi maelezo ya fut yako kwenye être, herufi nyingine kabisa, na usipolijua hilo mapema utazipekua kurasa za F mpaka ukate tamaa. Kwenye kisomaji unaweka kidole juu ya fut, unashikilia kidogo, na kidirisha kinafunguka kikiwa kimeshafika kwenye être. Kinachofanyika humo ni kazi rahisi: faili ya kamusi imebeba kila kitenzi pamoja na orodha ya maumbo yake, na kifaa kinalinganisha ulichobonyeza na orodha hiyo. Intaneti haihitajiki. Kamusi imo ndani ya kifaa chenyewe, kama ilivyokuwa tangu kisomaji cha kwanza cha Kindle kilipotoka Novemba 2007. Kwa mtu anayelala kambini Serengeti, mbali na mtandao, hilo si jambo dogo.

Kwa nini basi nisibonyeze kila neno, maadamu ni rahisi hivyo? Kwa sababu kila kidirisha kinapofunguka hadithi inasimama. Ukirudi kwenye mstari umeshasahau nani alikuwa akimjibu nani, na baada ya kurasa chache unakuwa unasoma kamusi yenye vipande vya riwaya katikati. Halafu maneno mengi hayadai kujulikana kwa undani. Mwandishi akitaja mimea mitano ya bustanini, kujua kwamba ni mimea kunatosha kabisa kwa jioni ile. Neno analolihitaji mwandishi kweli atalitumia tena, na likija mara ya pili linakuja na sentensi mbili za kulishuhudia. Mara nyingi naligundua mwenyewe, na kamusi inanithibitishia tu. Hilo ndilo neno linalonibaki.

Kuna mahali sisubiri. Kama sielewi mtu amekufa au amezimia, amekubali au amekataa, nasimama palepale, maana nikikosea hapo kurasa zote zinazofuata nitazielewa kombo.

Idadi ya maneno mageni nayo ina mpaka wake. Mwaka 2000 watafiti Hu na Paul Nation walichapisha utafiti kuhusu watu wanaosoma hadithi kwa Kiingereza kama lugha ya kigeni, wakaona kwamba ili wengi wao waelewe vya kutosha bila msaada, walihitaji kujua takriban 98% ya maneno yaliyomo. Yaani neno geni moja katika kila maneno 50. Kwenye ukurasa wa maneno 250 hayo ni matano, na matano yanavumilika. Lakini kama kila neno la kumi ni geni, ukurasa mmoja una 25, na hapo hakuna kisomaji kitakachokuokoa. Kifunge kitabu hicho bila aibu, utafute chepesi zaidi, ukirudie mwakani.

Tusikiamini kidirisha kupita kiasi pia. Kinaona umbo la neno, hakisomi sentensi. Il vit inaweza kuwa “anaishi”, kutoka vivre, au “aliona”, kutoka voir, na kifaa huenda kikakupa lile lisilohusika. Mbaya zaidi ni misemo. Il avait beau crier maana yake alipiga kelele wee, isimsaidie kitu. Ukibonyeza beau peke yake utaambiwa habari za uzuri, nawe utabaki unashangaa uzuri umetoka wapi. Kila neno likiwa unalijua na sentensi bado haieleweki, shuku msemo, kisha soma maelezo ya kamusi mpaka chini, kwa sababu misemo kwa kawaida huwekwa mwishoni.

Neno kwa anayeanza: kifaa huchagua kamusi kwa kufuata lugha iliyoandikwa kwenye taarifa za faili ya kitabu. Kitabu cha Kifaransa kilichosajiliwa kama cha Kiingereza kitafungua kamusi ya Kiingereza, na utadhani kifaa kimeharibika. Badilisha kamusi palepale kwenye kidirisha. Na ukishaweza, hamia kwenye kamusi ya Kifaransa kwa Kifaransa. Wengi wetu tunapitia Kiingereza ili kufika Kifaransa, na kwa maoni yangu njia hiyo inatuchelewesha, kwani tunabeba lugha mbili za watu kichwani ili kuelewa moja. Baadhi ya visomaji huhifadhi kila neno ulilobonyeza pamoja na sentensi yake. Orodha hiyo naipitia nikimaliza sura, nafuta yasiyo na faida, na machache yanayobaki nayaandika kwenye daftari kwa mkono.

Sasa nigeukie jambo linalonikera, nalo ni Kiswahili chetu. Wageni wangu wanaojifunza Kiswahili huja na hadithi zetu kwenye visomaji vyao. Wanabonyeza walipomkaribisha, na hakuna kinachokuja. Kamusi zetu zinaweka karibisha kwenye K, na kifaa hakijui kwamba wa-li-po-m ni viambishi vya kuondolewa kwanza. Ule ujanja wa orodha unaotosha kwa Kifaransa hapa unaelemewa. Chukua viambishi kumi tu vya mtenda, nyakati tano na viambishi kumi vya mtendwa: kitenzi kimoja tayari kina maumbo 500, na bado hujagusa ukanushi, urejeshi wala kauli za kutendwa na kutendewa. Anayeumia zaidi ya mtalii ni mtoto wa Kitanzania au Kikenya aliyezaliwa ughaibuni, anayetaka kusoma lugha ya bibi yake, na kila neno analobonyeza linamwambia halipo.

Maudhui ya kamusi tunayo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, na BAKITA walitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili 2015. Njia ya kuingilia kwenye visomaji nayo ipo: programu huria ya kusomea vitabu iitwayo KOReader, kwa mfano, inapokea kamusi za muundo wa StarDict, ambazo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuziandaa. Kinachohitajika ni ruhusa ya wenye hakimiliki na programu ndogo ya kumenya viambishi mpaka ibaki shina la kitenzi. Ningeomba gazeti lenu liwaulize wachapishaji wa kamusi wiki ijayo kama watatoa ruhusa hiyo, na kama kuna kijana wa kompyuta aliyeanza kazi hiyo, mchapishe alipofikia. Mimi niko tayari kuijaribu kwenye kisomaji changu na kumwandikia kila neno litakalokwama.

Msomaji wenu,
Arusha