Maswali ya Wasomaji: Kupaka Nta na Kupiga Brashi Skii Nyumbani

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwongozaji wa wapanda mlima, mkazi wa Soweto, Moshi. Mwishoni mwa mwaka ninatarajia kwenda Austria kwa mafunzo ya uokoaji milimani, na kaka yangu aliyewahi kufanya kazi Innsbruck amenipa skii zake za kushukia miteremko, yaani zile bapa ndefu zinazofungwa kwenye viatu ili kuteleza juu ya theluji, pamoja na sanduku lenye nta za rangi tatu, brashi tatu na kipande cha plastiki. Uso wa chini wa skii hizo umepauka, hasa kandokando, na kingo zake za chuma zimeanza kushika kutu. Je, ninaweza kuzitengeneza hapa nyumbani kwa pasi ya kawaida, au nizipeleke kama zilivyo? Brashi tatu ni za nini? Na hadi Desemba nizihifadhi wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kazi hii inafanyika nyumbani, na ninakusihi uifanye mapema, kwa sababu skii zilizopauka namna hiyo zikiachwa miezi mingine katika joto na vumbi zitazidi kukauka. Weupe unaouona kandokando ni dalili ya uso ulioishiwa nta. Sehemu iliyo jirani na kingo ndiyo inayosuguliwa zaidi na theluji ngumu, kwa hiyo ndiyo inayotangulia kukauka.

Uso huo wa chini ni wa polithini ngumu, yenye molekuli ndefu kuliko polithini ya mifuko. Katika skii za bei nafuu plastiki hiyo huyeyushwa na kusukumwa mashineni ikatoka kama utepe. Katika skii bora zaidi unga wake hushindiliwa kwa joto na shinikizo hadi ukashikamana, na uso wa aina hii ya pili hunywa nta nyingi zaidi. Nta ya moto huingia ndani yake kama mafuta yanavyoingia katika ngozi kavu ya kiatu. Katika yote nitakayokueleza, ningependa ulishike hili kwanza: nta inayokufaa ni ile iliyoingia ndani, na ile inayobaki juu ni mzigo unaopaswa kuondolewa. Wengi hupaka vizuri, kisha wakaona uchungu kukwangua nta waliyoinunua kwa fedha nyingi, wakaenda nayo kwenye theluji, na skii zao zikawa nzito kuliko zingekuwa bila nta yoyote.

Sababu yake ni hii. Skii inapoteleza, msuguano huyeyusha kiasi kidogo mno cha theluji, na utando mwembamba wa maji hutokea kati ya theluji na plastiki. Utando huo ukiwa mwingi, maji huushika uso na kuuvuta. Ndiyo maana kiwandani au kwa fundi uso huo huchongwa mifereji myembamba, ambayo utaiona ukiinamisha skii kwenye mwanga wa dirisha; kazi yake ni kuukatakata utando wa maji. Nta ikiziba mifereji hiyo, uso unakuwa laini kama kioo na maji yanaunasa. Hapo ndipo brashi zako tatu zinapopata kazi, nami nitazirudia.

Kuhusu pasi, pasi ya mkaa isikaribie skii hata kidogo, kwa kuwa huwezi kuutawala moto wake, na jivu litaanguka kwenye nta. Pasi ya umeme ya nguo inaweza kutumika ikibidi, mradi iwe kuukuu, isiyo na matundu ya mvuke, na isirudishwe tena kwenye nguo. Upungufu wake ni kwamba bamba lake ni jembamba, hivyo joto hupanda na kushuka, ilhali pasi maalumu ya nta ina bamba nene linalotunza joto lilelile. Pakiti ya nta huandikwa joto linalotakiwa, na kwa nta nyingi ni kati ya nyuzi 110 na 150 za Selsiasi. Plastiki ya skii yenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 135, na kwa hiyo usalama wake wote uko katika mwendo: pasi isisimame mahali pamoja hata kwa muda wa kuvuta pumzi. Anza na joto la chini kabisa linaloyeyusha nta. Ukiona moshi, pasi ni ya moto kupita kiasi. Iondoe, ipunguze, usubiri.

Fanyia kazi chumbani, madirisha yakiwa wazi, wala si uani, kwa sababu vumbi la kiangazi likidondokea nta ya maji halitoki tena kwa urahisi. Laza skii, uso wa plastiki ukitazama juu, juu ya magogo mawili ya mbao yenye urefu sawa, au ibane kwa jiliwa ya seremala iliyozungushiwa kitambaa. Breki za vifungio vya viatu zitakuzuia. Zivute juu na uzifunge kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kutu ianze kuondolewa kabla ya nta: pitisha jiwe laini la kunolea juu ya ukingo, kwa urefu wa skii, bila kulala juu ya plastiki, kisha futa unga wa chuma na kitambaa kikavu.

Baada ya hapo chukua brashi yenye nyuzi za shaba, usugue uso kutoka ncha ya mbele kuelekea nyuma. Mwelekeo huo usiubadilishe katika hatua yoyote ya kukwangua au kupiga brashi. Shaba hutoa uchafu na nta iliyozeeka ndani ya mifereji. Usishawishike kuosha uso kwa petroli. Itaukausha zaidi, na petroli karibu na pasi ya moto ni maafa. Njia ninayoipendelea ni kusafisha kwa nta yenyewe: paka nta laini, iyeyushe kwa pasi, kisha ikwangue ingali vuguvugu, kabla haijaganda. Inatoka na uchafu wa kijivu au mweusi. Rudia hadi nta itoke ikiwa safi. Kwa skii zilizokaa muda mrefu kama zako, ninaiona hatua hii kuwa muhimu kuliko nyingine zote, na wanaoiruka hufungia uchafu ndani.

Sasa upakaji wenyewe. Gusisha kipande cha nta kwenye pasi, uiache idondoke matone kwa urefu wote wa uso, kisha pitisha pasi taratibu, bila kukatiza, hadi nta itandazike kutoka ukingo hadi ukingo. Nyuma ya pasi uache mkia mfupi wa nta iliyo bado maji. Mkia ukiwa mrefu sana, unakwenda polepole mno au pasi ina moto mwingi. Gusa upande wa juu wa skii kwa kiganja: uvuguvugu unatosha. Iache ipoe yenyewe chumbani kwa nusu saa au zaidi, wala usiipeleke kwenye jokofu.

Ikipoa, kwangua kwa kile kipande cha plastiki, ukikishika kwa mikono miwili na kukiinamisha kuelekea unakokwenda. Kikipotea, fundi wa mabango anaweza kukukatia kipande cha plastiki ngumu cha unene wa milimita 4 au 5. Makali yake yawe yamenyooka. Kikwangulio cha chuma usikitumie kwa nta, kwani kitaichuna plastiki. Safisha kwanza nta iliyoshika kwenye kingo, kisha kwangua uso hadi kipande kisitoe tena maganda. Hapo macho yatakudanganya kwamba umemaliza, kumbe mifereji bado imejaa. Piga brashi ya shaba kwa mkono mwepesi, ifuatie ile ya singa za farasi, inayotoa nta laini zaidi iliyojificha, na mwisho ile ya nailoni, inayong'arisha. Futa vumbi la nta kwa kitambaa kila unapobadilisha brashi. Endelea hadi mifereji ionekane wazi dhidi ya mwanga na brashi isitoe tena unga mweupe.

Rangi tatu za nta zinafuata joto la theluji. Kwa desturi ya watengenezaji wengi, njano ni ya theluji yenye joto na unyevu, nyekundu ni ya kati, na buluu ni ya baridi kali. Chembe za theluji ya baridi kali ni ngumu na zina ncha, hivyo huhitaji nta ngumu isiyochomwa nazo. Theluji yenye unyevu huhitaji nta laini inayofukuza maji. Lakini soma vipimo vya pakiti yako, maana rangi si sheria ya dunia nzima.

Kwa kuwa safari ni Desemba, nakushauri hivi: safisha sasa, kisha paka nta ya njano kwa unene, ifunike hata kingo za chuma, na usiikwangue. Tabaka hilo litalinda plastiki isikauke na chuma kisipate kutu wakati wa mvua. Ziweke skii mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na jua, wala si darini chini ya bati, ambako joto la mchana linaweza kuilainisha nta ikadondoka. Usizibane katikati kwa nguvu; mkunjo wake wa asili unapaswa kubaki. Ukifika Austria, kwangua, piga brashi, kisha paka nta inayolingana na theluji ya siku hiyo. Na kabla ya kuvaa, mpelekee fundi vifungio avipime kulingana na uzito wako, urefu, kiatu na kiwango chako cha ustadi, kwa maana kifungio kisichofunguka kwa wakati wake huvunja mguu. Hilo usilifanye mwenyewe.

Nadhani utafurahi kujua kwamba skii si ngeni mlimani kwenu: mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walifika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na kuteremka wakitumia skii, na barafu iliyoko karibu na kilele bado inaitwa kwa jina la Furtwängler.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mama wa Njiro, Arusha. Mwanangu anasoma Tromsø, Norway, na amenunua skii zilizotumika, zile ndefu nyembamba za kutembelea tambarare. Ananiambia anataka kuzipaka nta kwa pasi ndani ya chumba cha bweni, na kwamba aliyemuuzia alimpa pia kopo la zamani la nta yenye florini. Nina wasiwasi na moshi wake. Je, nimkataze?

JIBU: Shikamoo, mama. Pasi usimkataze, lakini kopo lile mwambie aliache kabisa. Nta zenye florini hufukuza maji vizuri sana, ila zikipata joto kupita kiasi hutoa moshi wa sumu, na kemikali zake hudumu miaka mingi katika maji, udongo na miili ya viumbe. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali mojawapo ya jamii hiyo, PFOA, kuanzia Julai 2020, na Shirikisho la Kimataifa la Skii limezizuia nta za florini katika mashindano yake tangu msimu wa 2023 na 2024. Asilitupe kopo kwenye taka za kawaida. Alipeleke panapopokelewa taka zenye sumu.

Nta ya kawaida isiyo na florini haina hatari hiyo, lakini chumba cha bweni ni kidogo na king'ora cha moshi kitalia. Atumie karakana au ghala lenye dirisha, ama nta ya maji inayopakwa kwa sifongo bila pasi, ambayo haidumu sana lakini kwa mwanafunzi inatosha.

Kuna jambo jingine analopaswa kulijua kabla hajawasha pasi. Skii za tambarare za mtindo wa asili, ambao Philip Boit wa Kenya aliutumia katika mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, zina eneo la katikati linaloshika theluji wakati wa kujisukuma. Nta ya kutelezea hupakwa mbele na nyuma ya eneo hilo tu. Akiipaka katikati, atakuwa anapiga hatua bila kusonga. Na kama katikati kuna magamba au ukanda wa manyoya, pasi isipite hapo kabisa.

SWALI: Mimi ni mfugaji wa nyuki, miteremko ya Meru. Nimesikia watalii wakizungumzia nta ya skii. Je, nta yangu ya nyuki au mishumaa ya dukani inaweza kufanya kazi hiyo?

JIBU: Nta ya nyuki imewahi kuchanganywa katika nta za skii, lakini ikiwa peke yake inanata, nayo hubeba chavua na gundi ya mzinga inayokwamisha mwendo. Huyeyuka katika nyuzi 62 hadi 65 hivi, na kwenye theluji ya baridi kali ni laini mno. Mshumaa mweupe usio na manukato wala rangi unaweza kumfikisha mtu nyumbani siku ya theluji yenye joto, endapo atausugua uso na kuufuta sana kwa kitambaa. Hautafika popote palipo na baridi ya kweli. Nta za skii za leo ni mchanganyiko uliopimwa ugumu wake kwa kila kiwango cha joto, na kwa vifaa vya nyumbani huwezi kuupata. Nta yako ninaiona na thamani kubwa zaidi kwa waongozaji na wapagazi wanaopanda Meru na Kilimanjaro, ikiyeyushwa pamoja na mafuta kidogo na kupakwa kwenye viatu vyao vya ngozi, ila si vya suedi.