Kipimo sawa, lakini saa zihesabiwe kutoka kisiwani

Mmeuliza wiki hii, gonjwa kama Korona likirudi, mgeni anayekuja visiwani kupumzika adaiwe cheti cha kipimo na cha chanjo ama aachwe aingie. Mimi nasimamia gesti ya vyumba sita hapa Lamu, nyumba ya zamani ya mawe ambayo wenyewe wako Mombasa, na jibu langu ni adaiwe. Nasema mapema maana najua wenzangu wa pale gatini wakisoma hii watanijia juu, mwaka mzima walikuwa wakilaani PCR, kile kipimo cha puani cha maabara, kama vile ndiyo iliyowalaza njaa. Haikuwa PCR bwana. Ni saa. Aliyetunga ile sheria alihesabu masaa kama mtu anayekaa kilomita kumi na uwanja mkubwa wa ndege, akasahau kuna watu wanaoishi katikati ya maji.

Ngoja niwakumbushe kidogo. Ndege za nje zilisimamishwa 25 Machi 2020 zikaruhusiwa tena 1 Agosti, na mgeni akaambiwa aje na PCR isiyozidi masaa 96 na joto lisipite 37.5. Kuja hakukuwa na shida, mtu anapima kwao ambako maabara iko kila mtaa. Lakini za ndani zilifunguliwa kabla, 15 Julai, na huyo wa kutoka Nairobi, ambako ugonjwa ndiko ulikokuwa umejaa, yeye alipigwa ile bunduki ya joto kwenye paji la uso basi, anashuka uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha pili, anavuka na boti anaingia mjini. Halafu huku unaambiwa weka nafasi ya mita moja na nusu. Wapi? Vichochoro vyetu vya Mkomani punda mwenye mchanga akipita wewe unabana ukutani unashikilia pumzi, hiyo mita na nusu utaitoa wapi.

Sasa balaa lilianza kwenye kurudi. Uingereza kuanzia 18 Januari 2021 ikasema hapandi mtu ndege bila kipimo kilichochukuliwa ndani ya siku 3, Marekani nayo ikafuata 26 Januari, siku 3 hizo hizo. Siku 3 ukizisikia ni nyingi, lakini hebu zihesabu ukiwa hapa. Mwanzoni sampuli za Pwani zilikuwa zinapelekwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kilifi, na hata zahanati za watu binafsi zilipoanza kuuza kipimo cha safari, mashine yenyewe ilikuwa bado ng'ambo, huko bara. Kwa hiyo kile kijiti cha puani kinatoka hapa kwenye kibaridi, kinavuka hadi Mokowe upande wa bara, kinapanda gari, gari linangoja eskoti ya askari ndio lipite njia ya Witu na Garsen, na ukiipeleka kwa ndege ni lazima kuwe na ndege ya saa hiyo na mtu wa kuipokea. Saa nayo inatembea tangu pua ilipoguswa, haingoji gari, haingoji maji kujaa.

Februari ile nilikuwa na kina mama wawili wa Kiingereza, watu wazima, wastaarabu sana, kila asubuhi wananiamkia kwa Kiswahili cha kwenye kitabu. Ndege yao Nairobi ilikuwa Jumatano usiku. Jumatatu asubuhi zahanati moja, siitaji, ikaja kuwapima hapa hapa barazani, tukaahidiwa majibu Jumanne jioni. Jumanne kimya. Nikipiga simu naambiwa iko njiani, mara imefika inangoja zamu, mara mtandao uko chini. Jumatano saa sita mchana majibu yakaingia, wote hawana Korona, alhamdulillahi, tukashangilia, kuangalia vizuri mmoja jina limegeuzwa nyuma mbele na namba ya paspoti imeruka tarakimu. Tukapiga simu warekebishe, yule wa kurekebisha ameenda kula. Walipanda ndege ya mchana hivyo hivyo, Nairobi yule wa jina lililogeuzwa akakataliwa pale kaunta, na mwenzake akasema simwachi peke yake, wakalala hoteli usiku tatu na kupima upya kwa pesa zao. Hawakunitukana wala hawakuniandika vibaya. Mmoja wao aliniandikia meseji tu kwamba siku nyingine watatoka mapema zaidi.

Na hiyo "kutoka mapema zaidi" ndiyo iliyotumaliza. Baada ya hapo nikaanza mwenyewe kuwashauri wageni, jamani ondokeni siku mbili kabla mkapimie Nairobi, maana sitaki aibu. Mtu wa usiku saba akawa wa usiku tano. Mtasema usiku mbili ni kitu gani, vyumba sita tu. Mimi nawaambia mgeni hanunui siku anayofika. Siku ya kwanza anaogopa, anaona kila mtu tapeli. Ya tatu ameanza kujua njia, ya nne anasalimiana na watu, anajua bei ya samaki, na zile mbili za mwisho ndio anakumbuka ana mama yake, ana jirani aliyemwachia paka, ndio anaenda kwa fundi wa kuchonga aliyekuwa akimpita kila siku anachukua kisanduku, anaulizia kofia ya vito, ile ya kudariziwa, ameambiwa ni ya mkono miezi mitatu, analipa bila kelele. Ndio siku anayokodi dau kwenda Takwa kuona magofu kwa sababu ameshamzoea nahodha. Hizo mbili zikikatwa gesti inapoteza sehemu tu ya pesa lakini fundi anapoteza zote. Hakuna aliyeziandika kwenye hesabu ya hasara za Korona, hoteli ndizo zilizohesabiwa.

Desemba 2021 mambo yakazidi, Marekani ikashusha siku 3 ikawa siku 1, kuanzia tarehe 6, hata kwa aliyechanjwa. Walikubali kipimo cha haraka, ndiyo, lakini siku moja na Lamu ni vitu viwili visivyokaa chungu kimoja. Hapo tena hata sikubishana na mtu, kila Mmarekani nilimwambia usiku wa mwisho lala Nairobi.

Msiniambie haiwezekani kwa kisiwa. Shemeji yangu yuko Malindi, kazi yake yote ni Wataliano, anawajua mpaka majina ya mbwa wao. Septemba 2021 Italia ilifungua njia maalum za watalii, wakaruhusiwa Maldives, Shelisheli, Morisi, na Misri kule Sharm El Sheikh, Kenya hatukuwemo. Masharti yake yalikuwa makali kuliko yetu, mtu anapimwa kabla ya kutoka na anapimwa tena kule kule kabla ya kurudi. Na bado walienda! Maldives ni visiwa vitupu, lakini mgeni alikuwa anapimwa hotelini kwake anarudi kuogelea. Malindi shemeji anakaa barazani anahesabu popo.

Kuhusu chanjo sina maneno mengi ila moja linanikera mpaka leo. Chanjo zilianza kutolewa nchini 5 Machi 2021, wahudumu wa afya, walimu, polisi, baadaye wazee wa miaka 58 kwenda juu, sina neno, hao walistahili. Lakini nahodha wetu, kijana wa miaka thelathini, anayempa mkono kila mgeni akishuka botini, mikono arubaini kwa siku, alikuwa hayumo kwenye foleni yoyote. Mama mpishi wetu umri ulimfaa akachoma AstraZeneca ya kwanza, ya pili ikasogezwa mpaka wiki 12 kwa sababu India ilizuia mzigo usitoke. Halafu Novemba waziri wa afya wa wakati ule, Kagwe, anatangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiyemaliza chanjo haingii hoteli, hapandi ndege ya ndani wala usafiri wa umma, na wakati huo waliomaliza hawakufika hata asilimia 10 ya watu wazima. Sisi huku tukabaki tunaulizana, dau la kwenda Manda ni usafiri wa umma ama ni starehe? Nahodha anasema yeye hajachanjwa, je ajizuie mwenyewe kupanda chombo chake? Tulicheka lakini wageni walikuwa wanakansel kweli. Mahakama Kuu ikasimamisha amri ile katikati ya Desemba, ila aliyekwisha kansel msimu wa kaskazi umempita huo, harudi kwa sababu jaji amesema.

Machi 2022 waliochanjwa kikamilifu wakaondolewa kipimo cha kuingia Kenya, tukapumua.

Kwa hiyo jibu langu ni adaiwe kipimo, adaiwe na chanjo kama ipo, lakini nahodha na mpishi wachanjwe kabla ya kumdai mgeni, na mashine iwe kisiwani, ng'ambo hapana, na fundi wake mmoja anayejua kuandika jina la mtu sawasawa. Wakisema hakuna mahali pa kuiweka, gesti yangu ina chumba cha chini kina kivuli mchana kutwa. Mwaka wa kwanza natoa bure, nishaongea na wenyewe Mombasa, umeme tu wajilipie.