Maswali ya Wasomaji: Kitambi, Misuli na Dumu la Maji

Baada ya kuwaomba wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini watuandikie kuhusu mazoezi ya nyumbani, tumepokea barua nyingi, na karibu zote zinazungukia jambo moja: namna ya kutoa kitambi na kujenga mwili bila kwenda jimu. Tumechagua nne ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi.

SWALI: Ugonile, Mwalimu. Nina umri wa miaka 38, uzito wa kilo 82, na nina duka la vifaa vya umeme Mwanjelwa. Kwa miezi mitatu sasa naamka saa kumi na moja alfajiri kupiga sit-apu 200, lakini kitambi kiko palepale na mikono yangu bado ni myembamba. Jimu siimudu kwa muda wala kwa fedha, na chumba changu kina nafasi ya kutandika mkeka mmoja tu. Nakosea wapi?
*Msomaji, Mbeya*

JIBU: Ndaga, ndugu yangu. Kuamka alfajiri kwa miezi mitatu katika baridi ya Mbeya si jambo dogo, wala jasho lako halikwenda bure, kwani misuli ya tumbo lako bila shaka ina nguvu kuliko ilivyokuwa, ila imefunikwa na mafuta na ndiyo maana haionekani. Msuli unaofanya kazi hauchomi mafuta yaliyo juu yake peke yake. Mwili huyachota mafuta kutoka katika ghala lake zima, yaani usoni, mgongoni, mapajani na tumboni, kwa mpangilio unaoamuliwa na urithi, jinsia na homoni, na kwa wanaume wengi tumbo ndilo linalotangulia kujaa na kuchelewa kupungua.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takribani kilokalori 7,700 za nguvu, ilhali dakika kumi za sit-apu hazimalizi hata nguvu iliyomo katika andazi moja kubwa. Kwa hiyo kitambi chako kitaamuliwa zaidi na unachokula dukani kati ya asubuhi na jioni. Hukuniandikia unakula nini, lakini nawafahamu wenye maduka: chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku, kisha chipsi mayai za mchana na soda ya kuteremshia. Vijiko hivyo kumi na viwili ni sukari ya gramu 50 hivi, na soda ya mililita 350 ina gramu nyingine 37 au karibu na hapo, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku na kwamba ingefaa zaidi ishuke chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25. Ukipunguza kilokalori 500 kwa siku, na sehemu kubwa yake inaweza kutoka katika chai na soda tu, utapungua karibu nusu kilo kwa wiki. Huo ni mwendo mzuri. Anayetaka kushuka kilo tano kwa wiki hupoteza maji na misuli, kisha uzito humrudia.

Ugali usiuogope. Punguza tonge, ongeza mboga ya majani, na hakikisha kila mlo una protini, kwa sababu bila protini misuli ya mikono unayoitafuta haina cha kujengewa. Kwa mtu anayefanya mazoezi ya nguvu, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku zinatosha, na kwako hizo ni kuanzia gramu 98 hivi. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa ina 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15, na usipa mkavu kutoka Kyela, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, ambao watu wengi wanauona kama chakula cha shida, ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Parachichi nalo ni tunda jema sana, ila kwa kuwa huku kwetu msimu ukifika tunalila kama maji, kumbuka kwamba moja kubwa linaweza kupita kilokalori 300.

Sasa mikono. Misuli hukua inapopewa mzigo unaoongezeka kidogo kidogo, na hilo ndilo sit-apu 200 zisizobadilika haziwezi kukupa. Acha kuhesabu mamia. Siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, fanya mazoezi manne: pushapu, skwati (kuchuchumaa na kuinuka), kuvuta dumu na planki (kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka). Kila zoezi ulifanye mizunguko mitatu, na kila mzunguko uishie pale unapohisi umebakiza marudio mawili tu kabla ya kushindwa kabisa.

Pushapu nyingi ninazoziona zimeharibika kiunoni. Kama huwezi kupiga nane zilizonyooka ukiwa sakafuni, weka mikono kwenye ukingo wa kitanda imara, mwili uwe mstari mmoja kutoka kisigino hadi kisogo, kaza matako, kisha shuka polepole ukihesabu hadi tatu mpaka kifua kikaribie ukingo, halafu jisukume juu. Kule kushuka polepole kunaumiza, na wengi hukuruka, ilhali nusu ya faida iko hapo. Ukifikisha 15 bila shida, hamia kwenye kigoda kifupi, kisha sakafuni, kisha vaa begi la mgongoni lenye kilo chache za mchanga.

Kwa kuvuta, chukua dumu la lita 10, lijaze maji mpaka shingoni, inama kutoka kwenye nyonga huku mgongo umenyooka, shika ukingo wa kitanda kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine livute hadi ubavuni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo una chuma cha kilo 10 ambacho hukukinunua. Dumu lisiwe nusu, kwa sababu maji huyumba na kuuvuta mkono upande. Kilo 10 zikishakuwa nyepesi, weka mchanga mkavu, ambao kwa ujazo huohuo ni mzito kuliko maji. Tafadhali usining'inie kwenye kenchi la nyumba ya kupanga, wala kwenye tawi la mparachichi, ambao mti wake huvunjika kirahisi.

Siku zilizobaki tembea kwa haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini usiweze kuimba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili.

Kuna jambo moja la Juni na Julai ambalo silinyamazii. Baridi ikizidi, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha kabla ya mazoezi. Mkaa hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na mtu anayehema kwa nguvu huivuta kwa wingi zaidi. Vaa sweta, ruka kamba dakika tano mpaka mwili upate joto, na jiko libaki nje.

Mwisho, achana na kioo kwa sasa. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, mara moja kwa wiki mbili. Kwa mwanaume, sentimita 94 ni dalili ya kujihadhari na 102 ni hatari kubwa zaidi ya kisukari na magonjwa ya moyo. Nguvu utaisikia ndani ya wiki chache, lakini mikono kujaa shati kutahitaji miezi miwili hadi mitatu.

SWALI: Kamwene. Nilijifungua kwa njia ya kawaida miezi mitano iliyopita na ninanyonyesha. Mama mkwe amekuwa akinifunga tumbo kwa kanga kila siku, lakini bado linaonekana kama la mimba ya miezi minne, na nikijaribu sit-apu linachomoza katikati kama nundu. Je, kanga inasaidia? Nifanye mazoezi gani?
*Mama wa mtoto mmoja, Ipogolo, Iringa*

JIBU: Kamwene, dada, na hongera kwa mtoto. Nundu hiyo ndiyo iliyonifanya niichague barua yako. Wakati wa ujauzito misuli miwili ya mbele ya tumbo husogea kando ili kumpisha mtoto, na kwa baadhi ya wanawake haikaribiani tena vizuri hata baada ya miezi kadhaa. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza kwa vidole katikati ya tumbo juu na chini ya kitovu. Vidole vikizama zaidi ya viwili kwa upana, au nundu ikijitokeza, acha sit-apu kwa sasa, na planki pia, kwa sababu zinalisukuma tumbo nje mahali penye udhaifu.

Anza na pumzi. Ukiwa umelala hivyohivyo, vuta hewa, kisha itoe taratibu mdomoni huku ukikaza misuli unayoitumia kuzuia mkojo na kukivuta kitovu ndani kwa upole, kama mtu anayefunga zipu ya sketi iliyobana. Fanya mara kumi, mtoto anapolala. Ongeza zoezi la kuinua matako kutoka sakafuni, magoti yakiwa yamekunjwa, halafu kuchuchumaa na kuinuka huku ukitoa pumzi wakati wa kuinuka. Kwa kuwa uko Ipogolo, una mlima wako tayari: kupanda kwa miguu kwenda mjini ni zoezi kamili la moyo na mapaja, ila uanze na kipande kifupi.

Kuhusu kanga, mama mkwe hakukosea kwa kila kitu. Kufunga kwa wastani kunaupa mgongo utulivu siku za mwanzo, na wengi hujisikia vizuri. Lakini kanga haiyeyushi mafuta wala haiwezi kufanya kazi ya msuli, na ikikazwa mno husukuma uzito chini kwenye misuli ya nyonga ambayo tayari imechoka. Mwambie kwa heshima kwamba miezi mitano imetosha, na kwamba sasa unataka tumbo lijifunge lenyewe. Wazee wengi hulipokea neno hilo vizuri kuliko kuambiwa kwamba mila yao haina maana.

Usijinyime chakula wakati unanyonyesha. Kutengeneza maziwa kunatumia nishati nyingi, mara nyingi kati ya kilokalori 300 na 500 kwa siku, na uji, maharage, mayai na mboga za majani ni vyako kwa haki. Ukiona mkojo unakuponyoka unapokohoa, au unahisi kitu kizito kikishuka ukeni, usijitibu kwa mazoezi ya kwenye gazeti. Nenda hospitali uombe kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia.

SWALI: Mimi ni mkulima wa viazi, nina miaka 52. Nalima kwa jembe tangu ujana, na bado kiuno changu kimefika sentimita 108. Mtu anayelima anahitaji mazoezi gani tena?
*Mkulima, Njombe*

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Jembe ni kazi ngumu kweli, lakini ni kazi ya msimu, na mwili uliozoea mwendo uleule kwa miaka thelathini huufanya kwa gharama ndogo kuliko ulivyofanya zamani, huku sahani ikibaki ileile hata miezi ambayo shamba limelala. Ningekuuliza pia kuhusu jioni. Gramu moja ya pombe ina kilokalori 7, karibu mara mbili ya wanga, na ulanzi, yaani kinywaji cha mianzi, hauponi: ukiwa mtogwa, bado mtamu, una sukari, ukiwa mkangafu, umeshachacha, una pombe. Ukipunguza vikombe hivyo nusu utaona tofauti kabla ya kugusa pushapu hata moja.

Hata hivyo jembe linavuta na kuinama tu, halisukumi, kwa hiyo pushapu za ukutani na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara tatu kwa wiki, zitakufaa, zaidi kwa sababu umri huo misuli hupungua yenyewe isipotumiwa. Lakini kabla ya hayo, kwa kiuno cha 108, kapime shinikizo la damu na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwembamba, kilo 54. Mwenzangu amenishauri vidonge vya kuongeza mwili vinavyouzwa bila boksi, kwenye kipande cha karatasi. Yeye amenenepa ndani ya mwezi mmoja. Nivitumie?
*Mwanafunzi, Tukuyu*

JIBU: Hapana, mwanangu. Vidonge vya namna hiyo mara nyingi huwa ni deksamethasoni, siproheptadini, au vyote viwili. Siproheptadini ni dawa ya mzio ambayo huongeza hamu ya kula na usingizi. Deksamethasoni ni dawa nzito ya kutuliza uvimbe, na mtu anayeitumia kiholela huvimba uso, hujaza maji na mafuta tumboni, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hudhoofisha kinga. La ajabu zaidi kwa anayetafuta misuli ni kwamba huivunja: mapaja na mikono hupungua wakati mashavu yanaongezeka. Mtazame mwenzako mahali alipoongezeka, kisha mtazame mikono.

Wewe unahitaji kinyume cha yule wa Mwanjelwa, yaani kula zaidi. Ongeza mlo wa nne, ndizi za Tukuyu na maharage, karanga mfukoni, parachichi bila hesabu, na mazoezi yaleyale ya dumu na pushapu.

Na mwenzako mwambie hivi: kama amevimeza kwa wiki kadhaa mfululizo, asiviache kwa ghafla, kwa kuwa mwili huenda umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kukatisha kwa mkupuo kunaweza kumwangusha. Aende hospitali na kile kipande cha karatasi chenye vidonge vilivyobaki, amwoneshe daktari, apangiwe namna ya kuvipunguza.