Kabla hujaendelea na hilo jedwali: hizo fedha zilitoka?

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza takwimu za matumizi ya serikali kwenye kinga ya jamii uzitoe wapi, ulinganishe nchi gani, na miaka mingapi inatosha. Halafu ukachomekea, kama jambo dogo tu, kwamba tayari umeshajaza jedwali kutoka hotuba za bajeti. Hapo ndipo niliposhindwa kupita kimya.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Tasnifu nzima. Nilichukua fedha zilizoidhinishwa na bunge kila mwaka, nikazigawa kwa pato la taifa, mstari ukapanda kama ngazi. Umaskini haukushuka. Nikahitimisha kwa kujiamini kwamba uhawilishaji fedha kwa kaya maskini haufanyi kazi, nikashauri mpango ufutwe. Mimi huyu, ambaye sikuwahi kuonana na mnufaika hata mmoja!

Siku ya kutetea, mtahini wa nje akafungua jedwali, akaweka kalamu juu ya safu ya tatu, akauliza: "Hizi zilitoka?" Nikajibu, "Zilipitishwa." Akarudia polepole, kama anayemsemesha mtoto: "Zilitoka?"

Nikarudishwa kwenye ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu. Malipo yalipangwa mara sita kwa mwaka. Mwaka niliousifu kuliko yote, kaya zililipwa mara mbili. Mishahara na madeni hayasubiri, kwa hiyo hazina ikikauka hukatwa fungu la yule asiye na pa kupigia kelele. Tena kuna fedha zilizoingia akaunti ya wakala wiki ya mwisho ya mwaka wa fedha: vitabuni "zimetumika", kwenye kaya hola. Kumbe nilikuwa nalaumu dawa ambayo mgonjwa hakuimeza.

Aliyeniingiza mkenge ni msimamizi wangu. "Hotuba inatosha, wote wanaitumia." Wakati nachomwa maswali, yeye alikuwa anachezea simu. Sina kinyongo. Ninacho kidogo.

Na usije ukajificha nyuma ya tathmini za PEFA, zile za kimataifa zinazopima usimamizi wa fedha za umma. Kiashiria chake cha kwanza kinaangalia jumla: serikali ikitumia kati ya asilimia 95 na 105 ya bajeti iliyoidhinishwa, angalau miaka miwili kati ya mitatu, inapata A. Jumla ikapata A huku kasma (kifungu kimoja ndani ya bajeti) ya ruzuku za kaya imenyofolewa nusu na kupelekwa kwingine. Shuka mpaka kwenye kasma.

Halafu ule wastani wa Benki ya Dunia wa 2018, asilimia 1.5 ya pato la taifa kwa nchi zinazoendelea, ni wa misaada isiyochangiwa, yaani anayepokea hakukatwa mchango kwanza. Ukiulinganisha na kundi zima la 10 la COFOG (mpangilio wa kimataifa wa matumizi ya serikali kwa kazi zake; la 10 ndilo kinga ya jamii) umeingiza na pensheni za watumishi, na nchi yako itaonekana ina huruma ya ajabu. (Hili pia nililifanya. Tuliache.)

Weka safu tatu: zilizoidhinishwa, zilizotolewa, zilizofika kwenye kaya. Ya tatu ukiikosa iache wazi, usiijaze kwa namba ya kwanza hata msimamizi akikukaripia. Ukikwama kwenye ripoti za ukaguzi, weka kurasa hapa nizisome. Marekebisho yangu yalichukua miezi saba, kwa hiyo zile lugha zao za kuzungukazunguka nazijua kuliko nyimbo za shule.