Kabla mkupuo wako haujavuka maji kwenda Mafia, kapange kwanza wakati wa kusi

Tangu mimi na mzee wangu tuhamie Mafia, kila nikija Dar kuona wajukuu hakosekani mtu wa kunivuta pembeni, iwe msibani, iwe kanisani, iwe pale Mbagala Rangi Tatu nikisubiri gari, ananiuliza dada viwanja vya bichi huko kwenu vinaendaje. Wengi wamebakiza mwaka au miwili wafike 60 wastaafu, wengine wanataka kutoka kwa hiari wakigonga 55, na wote wamechoka na foleni na joto na Jangwani kujaa maji kila masika. Nawaelewa kabisa, nimefanya unesi Dar mpaka nastaafu, najua hiyo kiu ya kutaka ulale usiku usisikie honi wala spika ya baa. Ila bei ya kiwanja ni swali la mwisho jamani. La kwanza ni je, umeshakaa kisiwani mwezi wa 6 na wa 7, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, unapiga, boti hazitoki, na wewe mwenyewe unaumwa? Kama bado basi mkupuo wako, ile hela ya pensheni unayopewa kwa mara moja, uache benki, njoo upange chumba Kilindoni, mji wetu mkubwa, ukae msimu huo wote, uishi kama utakavyoishi ukihamia.

Nasema hivi kwa sababu watu wanakuja kuangalia wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Desemba, Januari, watoto likizo, bahari shwari, papa potwe wapo hapo mbele ya Kilindoni kabisa maana msimu wao ni kama Oktoba mpaka Machi, unawaona, unakula pweza wa nazi, unarudi Dar umeshaamua. Halafu masika inaingia Machi mpaka Mei, na masika ikiondoka kusi imeshashika, inakwenda mpaka Septemba huko, na hicho ndo kisiwa utakachoishi nacho sehemu kubwa ya mwaka. Nguo hazikauki, kitanda kina unyevu, samaki sokoni anapungua na bei inapanda kwa sababu wavuvi wenye ngalawa na mashua ndogo hawawezi kutoka. Kuna watu wanaupenda msimu huu, mimi mmoja wao, kuna baridi nzuri na mihogo mingi, lakini huwezi kujua kama wewe ni wa kuupenda mpaka uukae.

Na usafiri. Ndege ndogo zipo kutoka Dar, nusu saa na kidogo umefika, ila nauli yake siyo ya mstaafu kupanda kila mwezi na mzigo wanakubana. Njia yetu ni Barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga, ukifika Bungu unakunja kushoto mpaka Nyamisati, pale ndo unapanda kivuko au boti kuja Kilindoni. Nyamisati ipo ndani ya delta ya Rufiji, chombo kinapita kwanza katikati ya mikoko kabla hakijatokea bahari kuu, kwa hiyo saa ya kuondoka inafuata maji kujaa na kupwa, leo alfajiri, wiki ijayo mchana, na ukizoea mambo ya ratiba za Dar utateseka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, mnakaa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu hapahapa Mafia, na siku hizo hakuna aliyeuliza boti inaondoka saa ngapi, kilichokusaidia ni kile ulichokuwa nacho ndani: mchele, unga, maji safi, mafuta ya taa, dawa. Kwangu hivyo vitu vinakaa kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko mwaka mzima, na mtu akihamia huku nikaenda kumtembelea, nitaangalia hizo ndoo kabla sijasifia baraza lake.

Sasa afya, hapa nitakaa kidogo maana ndo kazi yangu. Kilindoni ina hospitali ya wilaya na wahudumu wanajituma kweli, malaria, kujifungua, vidonda, presha iliyopanda, wanakuhudumia. Lakini moyo ukileta shida kubwa au ukipata kiharusi unahitaji vipimo na madaktari waliopo Muhimbili au taasisi ya moyo pale, na kwa kiharusi cha damu kuganda ile dawa ya kuyeyusha inatakiwa iingie ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, sasa pigeni hesabu wenyewe usiku wa kusi. Siwatishi. Nasema umri wetu huu hiyo ni sehemu ya bei ya kuishi hapa, na lazima mke na mume muizungumze kwa sauti kabla ya kuhama, kama mnaikubali au hamuikubali.

Mzee wangu kaniruhusu niandike hili. Usiku mmoja wa mwezi wa 7 mkojo ulimziba, tezi dume. Nyie kina baba mnajua mnavyoficha haya mambo. Tumbo la chini limevimba gumu, jasho linamtoka, hawezi kukaa wala kulala. Bajaji ya jirani ikatupeleka hospitali, wakamwekea mpira wa mkojo, akapata nafuu palepale, Mungu awabariki wale vijana wa zamu. Lakini ya kumaliza tatizo ilikuwa Dar, na bahari ilikuwa imechafuka, kwa hiyo tukakaa na ule mpira na mfuko wake nyumbani siku kadhaa tukisubiri chombo. Mimi ni nesi, nilijua kuusafisha, nilijua kuangalia rangi ya mkojo na kama mpira umeziba. Nikawa namuwaza mtu ambaye hana nesi ndani.

Kwa hiyo kabla hujahama, ukiwa bado Dar na bima yako inafanya kazi vizuri, maliza mwili wako wote. Kina baba tezi dume. Kina mama kizazi na matiti. Macho, kama una mtoto wa jicho mtoe sasa, huku usiku njia ni giza na mizizi ya minazi ipo kila mahali. Meno yote mabovu yashughulikie. Presha na sukari, omba daktari akuandikie dawa za miezi mitatu na usingoje zibaki vidonge vya wiki ndo uagize. Wenye sukari wanaochoma insulini, akiba inatakiwa nyuzijoto 2 mpaka 8 na umeme ukikatika huna friji. Hapo cha kukusaidia ni chungu ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowana, juu kitambaa kibichi, mahali penye kivuli na upepo. Hakifiki baridi ya friji, lakini chupa unayoendelea kuitumia kinaitunza vizuri kuliko kabatini.

Ardhi. Huku sehemu kubwa ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, na kwa sheria hiyo halmashauri ya kijiji haiwezi kukugawia ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Mwenyekiti peke yake na muhuri wake hana uwezo wa kukuuzia, hata awe mkarimu vipi, na dalali anayekuonesha kiwanja kwa picha za WhatsApp ndo hana kabisa. Mkutano wenyewe uhudhurie, kaa pale chini ya mwembe na watu wakuone, wakuulize unatoka wapi na unakuja kufanya nini. Halafu kuna jambo watu wa bara hawalijui, kwamba pwani hii mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Unanunua shamba, unafurahia minazi, kumbe ile safu ya upande wa magharibi ni ya mtu yupo Temeke aliyeirithi kwa mama yake, na ana haki ya kuja kuangua. Uliza mti kwa mti. Waulize na ndugu wa muuzaji, dada zake hasa, maana mirathi huku ni ya wengi na sahihi ya kaka mkubwa haitoshi. Na usije ukapanda miche ukidhani mwakani utauza nazi, mnazi mrefu wa asili unakaa miaka sita saba ndo uanze kuzaa.

Pembeni kabisa ya maji ndo kila mtu anapataka, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mikoko ni msitu wa hifadhi, hukati. Upande wa Utende, Chole, Juani na Jibondo upo ndani ya Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini, imeanza 1995 na ina kilomita za mraba 822, ina masharti yake ya kujenga na kuvua, nenda ofisini kwao kaulize kwanza. Sisi tumejenga ndani kidogo, bahari hatuioni, tunaisikia, na kusi likipiga tunashukuru.

Kuhusu nyumba sitaongea sana. Chumvi inakula chuma. Fundi akikuletea mchanga wa pwani kwa sababu ni wa karibu mkatalie, nondo zinavimba ndani ya zege na baada ya muda linta inapasuka, nimeziona hizo nyumba. Bati chukua geji 28, achana na 30, na misumari ndo inaanza kuoza kabla ya bati lenyewe, hapo ndo maji yanapopitia. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, weka gata na simtanki uvune maji ya mvua. Sementi na kila kitu cha dukani kimevuka maji kama wewe, kwa hiyo bajeti ya fundi wa Dar iongeze. Sola nunua Dar kwa mtu anayekupa risiti na waranti.

Hela yenyewe sasa. Kikokotoo cha pensheni kilichoanza Julai 2022 kiliweka mkupuo asilimia 33, wakati wengi wetu tuliokuwa serikalini tulishazoea kuhesabu nusu nzima, na hata kilivyopandishwa kidogo baadaye bado siyo ile hela tuliyokuwa tunaota. Kwa hiyo nyumba ya Dar usiiuze. Nakusihi. Chumba kimoja kibakize, hata uani, vingine pangisha, maana utarudi kwa matibabu, utarudi kwa harusi na misiba, na ikitokea mmoja wenu hawezi tena kuishi mbali na hospitali mtakuwa na pa kwenda bila kumlilia mtoto na mkwe.

Lakini jambo linaloamua kama utakaa au utarudi mwaka wa kwanza ni watu, na hili huwezi kulijenga kwa hela. Sisi ni Wakristo, majirani zetu karibu wote ni Waislamu, na tumepokelewa vizuri mno. Mwanzoni kulitokea msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kwa mazoea ya Dar nikatuma rambirambi kwa simu nikaendelea na usafi wangu. Bibi wa jirani akaja, akakaa barazani, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huku msiba hautumiwi kwa simu. Njoo tukae." Nikajifunga kanga nikaenda, nikamenya vitunguu na kina mama mpaka jioni, hakuna aliyenihoji kitu. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa pale. Ile bajaji ya usiku wa mzee wangu haikuja kwa sababu tulikuwa na namba ya dereva, ilikuja kwa sababu dereva ni mtoto wa mama niliyemenya naye vitunguu. Kwa hiyo ukipanga huo msimu wa kusi usijifungie na simu yako. Hodi kwa majirani, Shikamoo kwa wakubwa, Ramadhani usile barazani, kina mama wakienda kutafuta pweza maji ya bamvua, yale yanayokupwa mbali sana, omba uende nao hata kama hutapata hata mmoja. Ukienda kwenye shughuli beba sukari au mchele.

Na hili la mwisho ni la kina mama wenzangu hasa. Mara nyingi ndoto ya kisiwa ni ya mume, mke anafuata. Zungumzeni mapema nani atabaki akitangulia mmoja, maana ndugu wa mume wanaweza kutokea Dar ghafla wakiulizia shamba. Hati ya hakimiliki ya kimila, ile ya ardhi ya kijiji, inaweza kuandikwa majina ya mke na mume, dai iandikwe hivyo siku ileile inayotengenezwa, na majina kwenye kumbukumbu za mfuko wa pensheni yawe sawasawa na ya kwenye cheti cha ndoa na kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi, kwa sababu mjane kuja kurekebisha herufi moja akiwa ng'ambo ya maji ni mateso. Ya kwetu ipo kwa majina yote mawili, hati halisi ipo benki, kopi anayo binti yetu Tabata na nyingine mtendaji wa kijiji.